Mirathi Hukatika, Udugu Haukatiki

Katika mafundisho ya Uislamu, kuijua nasaba, yaani silsila ya vizazi inayomfunga mtu na mababu zake, hakukusudiwi kuwa chanzo cha majivuno bali njia ya kuunga udugu, kwa kuwa hakuna awezaye kumtendea wema jamaa asiyemjua. Swali gumu huzuka pale ambapo bibi anayetafutwa alihama nchi, kisha akahama na dini: je, walio nyuma yake wana haki ya kumhesabu kuwa wa kwao?

Unguja ina mfano ulio wazi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, aliondoka kisiwani mwaka 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akabatizwa Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily, akaolewa naye huko huko, wakaenda kuishi Hamburg. Aliporejea mwaka 1885, wakati manowari za Kijerumani zimetia nanga Unguja, kudai mirathi ya ndugu zake waliofariki, Sultani Barghash, ndugu yake kwa baba, alikataa hata kuonana naye. Katika faraidh, ambayo ni elimu ya kugawa mali ya marehemu, tofauti ya dini huzuia urithi, hivyo kumnyima mali kulikuwa na hoja ya kisheria. Kumnyima uso ni jambo jingine kabisa, kwani Mtume alimruhusu Asma binti Abubakar amuunge mama yake ingawa alikuwa bado mshirikina.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa mtafiti wa nasaba, maana kumbukumbu nyingi za zamani ziliandikwa kwa ajili ya mali. Hati ya wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe ili manufaa yake yawaendee waliotajwa, hueleza mipaka ya nyumba au shamba pande zote nne na kufunga kwa majina ya mashahidi, lakini aliyepoteza haki ya kurithi huenda asiwe na mstari wake humo. Watumwa waliopata uhuru baada ya amri ya mwaka 1897 ya kufuta utumwa Unguja nao aghalabu huonekana chini ya jina la bwana, wazazi wao wasitajwe. Na dhuluma hii ni nzito kuliko ya binti wa mfalme.

Salme hakupotea kwa sababu aliandika mwenyewe: kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Mwanawe, Rudolph, aliliunganisha jina la babu yake na lake, akawa Said-Ruete, na mwaka 1929 akachapisha kitabu kizima juu ya maisha ya Sayyid Said, bila kungoja fungu lolote la mirathi.

Wahamaji wengi hawakuacha kitabu. Wenye wazee walio hai, wawe Malindi, Makunduchi au Muscat, wawaulize mapema majina ya walioondoka, hasa yale ambayo nyumbani hayatajwi.