Mipaka ya Kusahihisha: Mzazi na Maandishi ya Mwanawe Mtu Mzima

Swali la iwapo mzazi ana haki, au hata wajibu, wa kusahihisha tahajia ya mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima huonekana dogo, kwa sababu tahajia, yaani utaratibu uliokubaliwa wa kuendeleza maneno kwa herufi, ni jambo ambalo wengi huliachia shule na kulisahau mara mitihani inapokwisha. Hata hivyo, ndani yake mna maswali mawili ambayo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wameyashughulikia kwa karne nyingi: mamlaka ya mzazi juu ya mwanawe hukoma wapi, na ni kwa masharti gani mtu anaruhusiwa kumwonyesha mwenzake kosa lake. Makala haya yanatetea rai kwamba mtoto akishakuwa mtu mzima, mzazi hubaki na wajibu wa kumnasihi lakini hupoteza mamlaka ya kumsahihisha, na kwamba tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua ni kosa lipi litajwe, litajwe lini, na litajwe kwa namna gani.

Kabla ya kuuliza nani amsahihishe nani, ni lazima kwanza kujua kosa la tahajia ni kosa la aina gani. Halifanani na uongo wala dhuluma, kwa kuwa kinachovunjwa ni makubaliano ya watu, na makubaliano hayo yana umri na waasisi wake. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na waandishi walitofautiana katika kuonyesha sauti ambazo Kiarabu hakina, hata wanazuoni kama Mwalimu Sikujua na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wakajaribu kuziwekea alama maalumu. Herufi za Kilatini nazo hazikuleta umoja papo hapo: Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870 akitegemea Kiunguja, aliandika "Swahili", ilhali Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, aliandika "Suahili". Ni baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930, ndipo ilipowezekana kusema kwa uhakika kwamba neno fulani limeandikwa vibaya. Kijana anayeandika "kwahiyo" kwa neno moja, au "apa" badala ya "hapa", amekwenda kinyume cha utaratibu huo, lakini hakumdanganya mtu wala hakumnyima mtu haki yake.

Haifuati, hata hivyo, kwamba makubaliano hayana uzito wa kimaadili, kwa sababu msomaji huyategemea ili aelewe, na mwandishi anayeyavunja anaweza kumpotosha hata bila ya kukusudia. Anayeandika "mahali" akikusudia "mahari" katika barua ya posa, au "kula" akikusudia "kura" katika kumbukumbu za kikao, ameandika neno jingine kabisa. Katika elimu ya tajwidi, yaani elimu ya kuisoma Kurani kwa kuipa kila herufi haki yake, wanazuoni hugawa makosa ya usomaji, ambayo huyaita lahani, katika mafungu mawili: lahani iliyo wazi, inayogusa herufi na irabu zenyewe na kuweza kugeuza maana, na lahani iliyofichika, ambayo huharibu uzuri wa usomaji na hutambuliwa na wajuzi tu. Hukumu ya fungu la kwanza ni nzito kuliko ya la pili. Tahajia ya kila siku si maandiko matakatifu, lakini busara iliyomo katika mgawanyo huo inafaa hapa pia: anayeyapa makosa yote uzito mmoja hajawa mwalimu mwadilifu.

Swali la mamlaka ndilo gumu zaidi. Mama anayemsomea mwanawe wa darasa la pili imla juu ya mkeka, akamfutisha kila neno lililokosewa na kumtaka aliandike upya mara tatu, anatumia mamlaka ambayo hakuna anayeyatilia shaka, kwa kuwa mtoto huyo amekabidhiwa kwake na hana uwezo bado wa kujiamulia mambo. Sheria nazo huweka mpaka wa ukabidhi huo. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili na sheria cha mwaka 1797, alieleza kwamba haki ya wazazi ya kuwaongoza watoto inatokana na wajibu wao wa kuwalea, na kwamba malezi yakifika mwisho wake haki hiyo nayo hukoma, na deni linalobaki kwa mtoto ni la shukrani, ambalo haliwezi kudaiwa kwa nguvu. Kwa mtazamo huo, baba anayeyapokea maandishi ya binti yake mwenye umri wa miaka 35 na kuyarudisha yakiwa yamepigwa mistari myekundu anatumia cheo ambacho muda wake umekwisha.

Lakini mtazamo wa Kant ukiachwa peke yake unaacha pengo, kwa maana unaeleza vizuri kinachokoma bila kueleza vya kutosha kinachobaki. Pengo hilo linazibwa vyema na Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, ambaye katika Summa Theologiae anatofautisha aina mbili za kusahihisha. Ya kwanza ni tendo la haki, nayo ni ya mwenye madaraka, ambaye lengo lake ni kulinda utaratibu wa jamii na ambaye anaweza hata kuadhibu. Ya pili ni maonyo ya kidugu, yaani maonyo ambayo mtu humpa mwenzake kwa kumtakia mema, nayo ni tendo la upendo na yanamhusu kila mtu. Aquinas alikuwa akizungumzia dhambi, na kosa la tahajia si dhambi. Lakini ikiwa masharti ya upole yanahitajika pale roho ya mtu ilipo hatarini, yanahitajika zaidi pale ambapo kilichopotea ni herufi moja. Kukua kwa mtoto, basi, kunamhamisha mzazi kutoka aina ya kwanza hadi ya pili, na makosa mengi ya wazazi katika jambo hili hutokana na kutotambua kwamba uhamisho huo umekwisha kutokea.

Aquinas anayahesabu maonyo ya kidugu kuwa sadaka ya kiroho, na kutokana na wazo hilo masharti kadhaa yanafuata. Sadaka hupewa mwenye haja, kwa hiyo mzazi anapaswa kujiuliza kama mwanawe ana haja ya kuambiwa, au kama haja iliyopo ni ya mzazi mwenyewe kuonekana kuwa bado anajua zaidi. Sadaka, tena, haimlazimu mtu kuzunguka nyumba kwa nyumba akiwatafuta wenye dhiki waliojificha, na Aquinas anasema wazi kwamba hatupaswi kuwatafuta wa kuwaonya, tusije tukawa wapelelezi wa maisha ya watu. Mzazi anayesoma kila ujumbe wa mwanawe akiwinda herufi iliyokosekana amekwisha kuingia katika upelelezi huo, hata kama nia aliyoanza nayo ilikuwa njema.

Sharti jingine ni faragha, na juu ya hilo Uislamu na Ukristo vinazungumza kwa sauti inayokaribiana sana. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya Ulum al-Din anapoeleza haki za udugu anasema kwamba kinachotenganisha nasaha, yaani ushauri wa kumtakia mtu kheri, na karipio la kumfedhehesha ni usiri na hadhara. Injili ya Mathayo, katika sura ya 18, inamwagiza aliyekosewa na ndugu yake aende akamwonyeshe kosa lake wakiwa wawili peke yao, na Waraka kwa Wakolosai unawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hadi wakakata tamaa. Mafundisho haya yanapata maana ya karibu sana leo katika kundi la familia la WhatsApp, ambapo kijana anaandika taarifa ya michango ya arusi kwa haraka, na baba yake, mbele ya mashangazi, wajomba, wakwe na watoto wadogo, anajibu kwa kuandika neno moja tu lililosahihishwa, bila kusema lolote kuhusu michango yenyewe. Neno alilolisahihisha huenda ni "ivyo" lililopaswa kuwa "hivyo", na katika hilo yuko sahihi kabisa. Lakini faida ya herufi moja haiwezi kulipa gharama ya kumfunza mtu mzima kwamba kila anapofungua kinywa mbele ya ukoo atapimwa.

Mfano huo unaonyesha jambo lenye uzito kuliko hata fedheha. Mtu anayeandika barua au ujumbe hafanyi imla. Anamwambia mwenzake habari, ombi, furaha au huzuni, na haki yake ya kwanza ni kusikilizwa kwa kile alichokisema. Msomaji anayetazama herufi tu amekataa kupokea alichopelekewa, kwa sababu amelifanya neno la mwenzake kuwa kazi ya kutiwa alama. Binti anayeandika kwamba amefiwa na rafiki yake hakuomba maksi. Adabu ya usomaji inadai maana ijibiwe kwanza, na kosa, ikiwa lina uzito wa kutajwa, lingoje wakati wake.

Hoja kubwa dhidi ya rai hii inatoka katika hekima ya Waswahili wenyewe, wasemao kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu hauna huruma ya mama: mwajiri anayepokea barua ya maombi ya kazi iliyojaa makosa haiiti familia kuishauri, bali huiweka pembeni na kuchukua inayofuata. Kwa hoja hii, mzazi anayenyamaza kwa kuogopa kuudhi anamwacha mwanawe aadhibiwe na wageni kwa jambo ambalo angelirekebisha nyumbani bila aibu. Hoja hii ni ya kweli, na anayeipuuza ameuchanganya upendo na woga. Ila methali hiyo lazima isomwe pamoja na nyingine isemayo samaki mkunje angali mbichi, ambayo inakiri kwamba kuna wakati wa kukunja na kwamba wakati huo hupita. Zikisomwa pamoja, methali hizi mbili hazimwamuru mzazi anyamaze milele wala aendelee kukunja. Zinamtaka abadili njia, aache kumkunja mwanawe na aanze kumtahadharisha juu ya yale ambayo ulimwengu utamdai.

Hapa ndipo wajibu wa kusema unapokuwa mkubwa kuliko haki ya kunyamaza. Kosa la tahajia katika jina, kwa mfano, halina udogo wowote: mtu ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema "Mohamed", cheti cha shule "Muhammad" na kitambulisho cha taifa "Mohammed" anaweza kulazimika kula kiapo mbele ya wakili au hakimu kuthibitisha kwamba majina yote ni yake, kabla ya kupata pasipoti, mafao au urithi. Mzazi anayeona mwanawe anajaza fomu ya namna hiyo kwa tahajia isiyolingana na vyeti vyake hana haja ya kungoja ruhusa. Vivyo hivyo katika wosia, mkataba wa kiwanja, barua ya kazi na maandishi yanayokwenda kuchapishwa, ambako bado kuna muda wa kurekebisha na ambako kosa litamgharimu mwandishi au kumpotosha msomaji. Nje ya mambo hayo, njia salama ni kuuliza kwanza kama mwandishi anapenda maandishi yake yapitiwe, na kulikubali jibu lake, hata likiwa hapana.

Kipimo cha mwisho cha uaminifu wa mzazi ni utayari wake wa kupokea alichokitoa. Tanzania ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, miongoni mwa waliojitolea kufundisha walikuwamo vijana waliomaliza shule ya msingi, na watu waliokuwa na umri wa wazazi wao wakakaa mbele yao na kushika kalamu. Haki ya kuonyesha kosa la herufi, basi, haikutokana na umri bali na ujuzi, na ilivumilika kwa sababu iliambatana na heshima. Masimulizi yanayopendwa na Waislamu yanasema kwamba Hasan na Husein, wangali watoto, walimwona mzee akitawadha vibaya, wakamwomba awe mwamuzi kati yao nani anatawadha vizuri zaidi, na mzee akajifunza bila kuambiwa kwamba amekosea. Aquinas naye anakubali kwamba mdogo anaweza kumwonya mkubwa, mradi afanye hivyo kwa upole na staha. Mzazi asiyeweza kuvumilia mwanawe amwonyeshe kosa katika maandishi yake amekiri, bila kujua, kwamba alichokuwa akikitetea kilikuwa cheo chake na si lugha.

Kwa hiyo jibu la swali lililoulizwa ni ndiyo yenye mipaka. Mzazi amsahihishe mwanawe mtu mzima pale kosa linapoweza kumdhuru au kumpotosha msomaji, amsahihishe faraghani, amwombe ruhusa pale hatari isipokuwapo, na awe tayari kusahihishwa naye. Makosa mengine ayaache yapite, kwa sababu uhusiano wa wazazi na watoto waliokua hauna tena sheria wala fimbo ya kuulinda, na kinachobaki kuushikilia ni imani ya kila mmoja kwamba akimwandikia mwenzake atasomwa kwa wema.