Pesa za Likizo ni za Nani?



Desemba inapokaribia, kuna swali linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi. Watoto wamefunga shule na wanataka kuiona bahari. Mama amehesabu akiba na kuona kwamba safari ya Mombasa inawezekana. Baba anawafikiria wazazi wake kijijini, ambao paa lao linavuja, na anaona haya kutumia pesa kwa matembezi. Mwishowe mmoja hushinda, mwenzake hununa, na likizo huharibika kabla ya kuanza.

Je, ni haki mume na mke kutumia jasho lao kwa mapumziko hali wazee wao wana shida?

Mtakatifu Luka anatueleza kwamba Yosefu na Maria walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, na Yesu alipofika umri wa miaka 12 walikuwa naye safarini. Hawakuwa matajiri. Walipomtolea mtoto hekaluni, sadaka yao ilikuwa ya ndege wawili, sadaka ya wasioweza kununua mwana-kondoo. Safari yao ilikuwa ya ibada, lakini ilibidi waache kazi na watenge chakula cha njiani. Naye Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem exercens ya mwaka 1981, aliitaja likizo ya kila mwaka kuwa miongoni mwa haki za mfanyakazi. Kwa hiyo kupumzika si wizi.

Hata hivyo amri ya nne haiendi likizo. Kuwaheshimu wazazi ni pamoja na kuwasaidia wanapohitaji. Basi kaeni wawili mezani na karatasi moja. Andikeni kwanza karo ya Januari, kisha sehemu ya wazazi wa pande zote mbili, wa mke na wa mume. Kinachobaki ni cha familia yenu, na mnaweza kukitumia kwa furaha bila kuona haya. Kama hakitoshi Mombasa, nendeni mahali pa karibu. Msikope. Deni la likizo hulipwa wakati wa kununua sare na vitabu.

Na msiwafiche wazee. Wako wanaosema wana kazi nyingi mjini, kumbe wako Pwani. Kisha mtoto mdogo humsimulia nyanya yake habari za mawimbi. Afadhali baba apige simu mwenyewe: "Mzee, mabati tutanunua mwezi wa pili. Desemba hii nawapeleka watoto wakaone bahari." Mzee anaweza kuguna, lakini kufichwa humuumiza kuliko kungojeshwa.

Mkiamua kwenda, chagueni kwa busara. Nauli ya treni ya Madaraka Express kutoka Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida, ilipanda Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwa nauli hiyo, wazazi wawili na watoto watatu wa umri huo hutumia shilingi 10,500 kwenda na kurudi. Kateni tiketi mapema, maana Desemba nafasi huisha upesi.

Mkitaka kupanda jahazi kutoka Shimoni kwenda kuona samaki na matumbawe ya Kisite, Desemba ni wakati mzuri kuliko Agosti, ambapo upepo wa kusi huchafua bahari. Kabla ya kulipa, hakikisheni kuna jaketi la kuelea linalomtosha kila mtoto. Ufuoni pia peaneni zamu. Yosefu na Maria walisafiri siku nzima wakidhani Yesu yumo katika msafara; baba akidhani mama anaangalia, na mama akidhani baba anaangalia, mtoto hana mwangalizi.

Mume, mkumbuke mkeo. Mkikodi nyumba na yeye akashinda jikoni akikaanga samaki, amebadilisha jiko tu. Oga na watoto wewe, wakubwa waoshe vyombo. Jumapili nendeni Misa pamoja. Mkiwa mjini Mombasa, Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu liko papo hapo. Na jioni moja, watoto wakiwa na mtu mnayemwamini, tembeeni ninyi wawili peke yenu.

Usiku huu, watoto wakishalala, ulizaneni maswali haya na kila mmoja amsikilize mwenzake hadi mwisho:

1. Mara ya mwisho tulipumzika pamoja lini, na nani kati yetu alifanya kazi siku hiyo?

2. Je, wazazi wako na wazazi wangu wana uzito sawa katika bajeti yetu?

3. Kuna matumizi gani ambayo nimekuficha kwa kuogopa utakavyosema?

Mungu azibariki ndoa zenu.