Mtoto Dhaifu ni Amana Kamili

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba wazima na wagonjwa, wenye nguvu na madhaifu, wala hakuumba hata mmoja wao kwa mchezo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Tumeletewa suali na ndugu mmoja katika Waislamu, nalo ni suali la watu wengi wa pwani yetu, ijapokuwa wachache ndio walitamkao. Asema kwamba ana binti aliyetimiza mwaka. Alizaliwa mzima, akanyonya vyema, akanenepa. Alipofika miezi 6 vidole vya mikono na nyayo vikamvimba, akawa halali kwa maumivu. Katika mwezi wa 9 akashikwa na homa, akapauka hata viganja vikawa vyeupe, akalazwa hospitali akatiwa damu. Matabibu wakapima wakasema ana selimundu, ndio ugonjwa ambao wengine huuita siko seli. Sasa aweza kukaa kitako, ana meno mawili, na humwita babake. Lakini kusimama bado, na mtoto wa jirani aliyezaliwa juma moja naye atembea ukumbini. Na watu humwambia baba huyu maneno matatu. Wa kwanza asema: hili ni jicho, au ni adhabu ya dhambi. Wa pili asema: ila imetoka kwa mamake, muache utafute mke mwengine. Wa tatu asema: mtoto huyu si wa kukaa, usimalize mali yako kwa dawa, muachie Mungu. Yeye auliza: lipi katika haya ni la dini?

Twajibu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu: hapana hata moja. Na asili ya makosa yote matatu ni moja, nayo ni kudhani kwamba haki ya mtoto hupungua kwa kadiri ya udhaifu wake.

Kwanza yapasa kuujua ugonjwa wenyewe, kwani mwenye kuhukumu jambo asilolijua hukosea hata akitaka kheri. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo, nazo ni laini, hupita katika mishipa myembamba bila ya taabu. Kwa mwenye selimundu chembe hizo hugeuka zikawa ngumu, za umbo la mundu, zikakwama katika mishipa na kufa upesi. Zikwamapo huleta maumivu makali, na zifapo upesi hupungukiwa mtoto na damu. Tabibu James Herrick wa Chicago ndiye aliyeandika khabari ya chembe hizi mwaka 1910.

Na kwa nini mtoto alizaliwa mzima kisha akaugua? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mtoto hutoka tumboni mwa mamake na damu ya namna nyengine, ambayo Mwenyezi Mungu amemjaalia kwa maisha ya tumboni, na damu hiyo haigeuki mundu. Katika miezi ya mwanzo humlinda. Kisha hupungua kidogo kidogo, na ile ya ugonjwa huzidi, na yapata nusu mwaka alama huanza kuonekana. Na mara nyingi alama ya kwanza ni huko kuvimba mikono na miguu. Basi aliyemtazama mtoto wa miezi 5 akamsifu, na mtoto akaugua katika mwezi wa 6, huyo hakumdhuru kwa macho yake. Sisi hatukanushi jicho, kwani limethibiti katika hadithi sahihi. Lakini kuthibiti kwa jicho ni jambo moja, na kumshika fulani binti fulani kwamba ndiye mwenye kijicho ni jambo jengine, nalo ni dhana mbaya iliyokatazwa katika Sura ya Al-Hujurat.

Ama kusema kwamba ni adhabu, tazama yaliyompata mbora wa viumbe. Mwanawe Ibrahim alifariki naye hajatimiza miaka miwili, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kufa kwake. Mtume (S.A.W.) hakuiacha kauli hiyo ikaenea, ijapokuwa ilikuwa ni ya kumtukuza yeye na mwanawe, aliwafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Basi ikiwa kifo cha mtoto wa Mtume hakikuwa alama ya mbinguni, vipi homa ya binti wa jirani yako iwe ni hati ya dhambi za babake, nawe ndiwe msomaji wa hati hiyo?

Na aliyesema kwamba ila imetoka kwa mama, huyo amekusanya ujinga na dhuluma. Selimundu haimpati mtoto ila arithi sehemu moja kwa baba na sehemu moja kwa mama. Mwenye sehemu moja tu huwa mzima wala hajijui. Wakioana wawili wenye sehemu moja moja, katika kila mimba huwa fungu 1 katika 4 kwamba mtoto atakuwa mgonjwa, mafungu 2 kwamba atakuwa kama wazazi wake, na fungu 1 kwamba atasalimika kabisa. Kwa hivyo mume amtupiaye mkewe lawama amejitupia mwenyewe. Na asiione sehemu hiyo kuwa ni aibu ya ukoo. Mwaka 1954 Anthony Allison alieleza kwamba mwenye sehemu moja hulindwa na ukali wa malaria. Na ndiyo sababu watu wenye sehemu hiyo ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu zenye baridi. Huenda babu yako alipona malaria utotoni kwa jambo lile lile ambalo leo limekutana mara mbili katika mwili wa binti yako. Hekima ya Mwenyezi Mungu ni pana kuliko maneno ya barazani.

Sasa twafika kwenye neno la tatu, nalo ndilo lenye khatari zaidi, kwa kuwa limevaa kanzu ya dini: muachie Mungu.

Fahamu, ewe ndugu, kwamba wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamesema kujitibu ni sunna, na Imam Nawawi ametaja kwamba mwenye kuacha dawa kwa kumtegemea Mwenyezi Mungu ana fadhila. Watu hulishika neno hili wakalipeleka pasipo pake. Hukumu hiyo ni ya mtu juu ya mwili wake mwenyewe. Tawakkul ni tendo la moyo, na moyo wa baba hauwezi kutegemea kwa niaba ya pafu la mtoto. Akisubiri mtu mzima juu ya maumivu yake, amesubiri yeye. Lakini akimnyima dawa mtoto wa mwaka mmoja, aliye na subira ni nani? Mtoto hakuchagua, na baba haumwi.

Tena tazama fikihi yako. Walii wa yatima haijuzu kwake kutoa sadaka hata shilingi moja katika mali ya yatima, ijapokuwa sadaka ni ibada, kwa sababu mali si yake naye ameamrishwa kuilinda. Ikiwa hawezi kutafuta thawabu kwa shilingi ya mtoto, ataitafutaje kwa uhai wake? Na nafaka ya mtoto asiye na mali ni wajibu juu ya babake, na kipimo chake katika madhehebu yetu ni kile kimtoshacho; na wenye kusherehesha wakahisabu katika hicho kimtoshacho ujira wa tabibu na thamani ya dawa. Angalia kwamba hawakusema: kwa mtoto anayetarajiwa kuishi sana. Hawakusema: kwa mtoto wa kiume. Hawakusema: kwa mtoto aliyekwisha kutembea. Kipimo ni haja yake, na mwenye udhaifu haja yake ni kubwa zaidi, basi haki yake juu yako ni kubwa zaidi.

Na kuikimbilia dawa si kuikimbia kadari. Sayyidna Umar alipopata khabari ya tauni ya Sham alirudi na watu wake, na alipoulizwa kama aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwa maana ya kwamba waikimbia kadari na kuiendea kadari. Tena dawa za mtoto huyu si za kubahatisha. Mwaka 1986 ilitolewa khabari ya watoto wadogo 215 wa Marekani wenye selimundu: 105 walipewa penisilini mara mbili kwa siku, na 110 walipewa kidonge kisicho na dawa. Katika wasiopata dawa, 13 waliingiwa na ugonjwa mkali wa damu na watatu wakafa. Katika waliopata, walioingiwa walikuwa 2 wala hakufa hata mmoja. Na mwaka 2019 ilitangazwa kwamba dawa ya haidroksiyurea, iliyojaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Uganda na hapa Kilifi, iliwapunguzia maumivu, malaria, haja ya kutiwa damu, na mauti. Aliyeambiwa haya na tabibu kisha akakaa kitako akasema namuachia Mungu, hakumuachia Mungu kitu. Ameuacha wajibu wake mwenyewe.

Ama kisomo, ni katika sunna, Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwakinga Hasan na Husein kwa maneno ya kumtaka hifadhi Mwenyezi Mungu. Msomee binti yako usiku na asubuhi. Lakini usome ukiwa njiani kwenda hospitali, usisome ukingoja kuona kama kuna haja ya kwenda. Homa ikifika 38.5, mpeleke saa ile ile, usingoje kuche. Na amuombe tabibu awafundishe yeye na mkewe kulipapasa tumbo chini ya mbavu za kushoto, kwani wengu wa watoto hawa huweza kuvimba ghafula na kuimeza damu. Wakiuona umekua na mtoto amepauka, wasikae hata kidogo. Amlaze ndani ya chandarua, na chanjo zake asizikose.

Imebaki huzuni yake kwamba mtoto wa jirani atembea na wake bado. Twamwambia kwanza: usihisabu upungufu usiokuwapo. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vya watoto wazima wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ikaonekana kwamba kutembea bila ya kushikwa huja baina ya miezi 8.2 na miezi 17.6. Basi asiyesimama peke yake kwa mwaka mmoja hajachelewa. Akipita muda huo, aulizwe tabibu.

Lakini tuchukulie kwamba amechelewa kweli, au kwamba hatatembea mapema kama wenziwe. Je, amepungua nini mbele ya Mola wake? Wazee wetu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, hawakusema umhimizavyo. Watu wa jahilia walimzika binti hai kwa kuwa hakuwafaa vitani wala katika biashara, na Qur'ani ikasimulia kwamba binti huyo ataulizwa kwa dhambi gani aliuawa. Mwenye kumpima mwanawe kwa kitakachomfaa, akampa mapenzi kwa kadiri ya hatua alizopiga, ameishika ncha ya kipimo kile kile, ijapokuwa hakushika jembe.

Tazama kipimo cha Mtume (S.A.W.). Bibi Zaynab alimpelekea khabari kwamba mtoto wake yumo katika kukata roho. Akaenda pamoja na sahaba zake, akapewa mtoto mikononi, na pumzi zake zavuma kama kiriba kikuukuu, na macho ya Mtume yakabubujika machozi. Saad bin Ubada akastaajabu, naye akamfahamisha kwamba hiyo ni rehema ambayo Mwenyezi Mungu huitia katika nyoyo za waja wake. Katika Musnad ya Imam Ahmad mtoto huyo ametajwa kuwa ni Umama, na Ibn Hajar ameona kwamba Mwenyezi Mungu alimponya saa ile akaishi. Na Umama huyu ndiye aliyebebwa na Mtume begani akisalisha watu, akimweka chini asujudupo na kumnyanyua asimamapo. Sisi Mashafi twatoa katika hadithi hiyo dalili kwamba yafaa kumbeba mtoto ndani ya sala. Basi mtoto mdogo alisimama katika safu ya mbele kabisa, juu ya bega la Imamu wa Mitume. Hakungojwa akue ndipo aheshimiwe.

Na ewe msomaji usiye na mtoto mgonjwa, usidhani khabari hii haikuhusu. Baba huyu akishindwa na gharama, wajibu haukuanguka baharini. Umehamia kwa Waislamu, na fakiri ni wa kwanza kutajwa katika wenye kupewa zaka. Na damu aliyotiwa binti yake haikununuliwa sokoni. Ilitoka katika mkono wa mtu. Nenda hospitali ukatoe yako. Hilo lamfaa zaidi kuliko kumuuliza kila jioni: mbona hatembei?

Huu ndio ujira wa mwaka aliouishi mtoto huyu: kila mwezi ni amana iliyorudishwa mikononi mwa wazee wake ili waichunge tena. Twamuomba Mwenyezi Mungu amponye, na awape wazee wake subira isiyoacha kazi, na kazi isiyoacha dua, na atujaalie sote kuwarehemu wadogo wetu. Amin. Wallahu aalam.