KHOFU YA KUPIMWA SI TAWAKALI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, enyi ndugu zetu Waislamu! Liko jambo linaloangamiza mama zetu na dada zetu, na sisi tumelinyamazia: saratani ya mlango wa kizazi. Katika Kenya, hii na ile ya matiti ndizo saratani zinazowapata wanawake zaidi. Wala si jambo la pwani tu. Mwanamke aliyeko bara, huko Gakindu katika Nyeri, akiambiwa akapimwe hujibu, "Mimi siumwi." Na mwenzake wa Mji wa Kale, Mombasa, hujibu vivyo hivyo, kisha huongeza, "Liandikwalo ndilo liwalo."

Jawabu ya kwanza ni ya kutojua. Kipimo hiki khasa ni cha asiyeumwa. Maradhi haya huletwa na virusi viitwavyo HPV, na aghlabu huchukua miaka 15 hata 20 kugeuka saratani. Muuguzi hupaka maji ya siki. Penye kasoro huonekana peupe, na mara nyingi huondolewa siku ile ile. Maumivu yakija, mara nyingi maradhi yamekwisha kuenea.

Jawabu ya pili ni kuifahamu dini kinyume. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Na Sayyidna Umar alipopata khabari ya tauni iliyoingia Sham, alirejea na watu wake. Akaulizwa kama aikimbia kadari ya Mungu, akajibu kuwa atoka katika kadari Yake kwenda katika kadari Yake. Je, sisi tuna imani kumshinda Umar?

Wengine husema ni aibu. Kweli, haya ni katika imani. Lakini Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi mwanamke na atake kupimwa na mwanamke mwenziwe.

Na lililo baya zaidi ni ulimi. Wako wanaomnong'ona aendaye kupimwa kuwa ni mzinifu! Virusi hivi huwapata wengi katika wanaume na wanawake, na huweza kukaa mwilini miaka bila ya kujulikana. Hata mke asiyemjua ila mumewe huweza kuvipata. Kumsingizia mwanamke mwema ni katika madhambi makubwa, na huenda neno lako moja likamrudisha akiwa mlangoni mwa hospitali.

Nanyi waume, yawapasa kuwatuma wenyewe na kuwapa nauli. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mwanamke aanze akiwa na miaka 30, na aliye na virusi vya Ukimwi aanze kwa miaka 25. Na kipimo cha siki kirudiwe kila miaka 3. Aliye Gakindu ana hospitali ya serikali Mukurwe-ini. Aliye Mombasa anayo Hospitali Kuu ya Pwani. Na mabinti wa miaka 10, tangu mwaka 2019 serikali imewawekea chanjo, msiwanyime.

Mke ni amana, na mwili ni amana. Tutaulizwa juu ya zote mbili.

Wabillahi taufiki.