Cha Kutengeneza na cha Kuazima

Mithali za Kiswahili hazikukubaliana juu ya kutegemea wengine. Moja husema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nyingine hujibu kuwa mkono mmoja haulei mwana. Mzee mwenye busara hutumia zote mbili, kila moja mahali pake, wala haoni kuwa amejipinga. Taabu humpata kijana ambaye hana budi kuchagua moja kati ya hizo, hali muda wake ni siku mbili tu.

Na afikiriwe kijana wa Chapwa, kata ya mji wa Tunduma, mji ambao malori ya kwenda Zambia na Kongo hungoja zamu ya kuvuka mpaka. Kijana huyu amejifunza kuandika programu za kompyuta, na sasa anaingia katika shindano la kutunga michezo. Mashindano ya namna hii yamepita umri wa miaka 20. Ludum Dare lilianza mwaka 2002; Global Game Jam lilifanywa mara ya kwanza Januari 2009. Desturi yake ni nyepesi kueleza na nzito kutimiza: mada hutangazwa, saa 48 huanza kwenda, na zikiisha lazima pawe na mchezo unaochezeka.

Nyuma ya kila mchezo wa kompyuta pana injini. Hiyo ni sehemu ya programu isiyoonekana, ambayo husoma mchezaji amebonyeza nini, hupima matokeo kwa kanuni za mchezo, kisha huchora picha upya. Na kazi hiyo yote yaweza kurudiwa mara 60 katika sekunde moja. Injini zilizo tayari zipo, kama vile Unity, iliyotolewa mwaka 2005, na Godot, ambayo msimbo wake uliwekwa wazi kwa watu wote mwaka 2014. Anayeanza aweza kuzichukua bila kulipa. Lakini kijana wa Chapwa ameandika injini yake mwenyewe, usiku baada ya usiku kwa muda wa miezi, naye ataka kuingia nayo shindanoni. Je, afanya vema, au kiburi kimevaa nguo ya ufundi?

Wanaompinga wana hoja nzito. Shindano hupima mchezo, halipimi chombo. Mkulima haulizwi nani alifua jembe lake, huulizwa mahindi. Kila saa inayopotea katika kutafuta kosa ndani ya injini ni saa iliyoibwa katika mchezo, na saa zenyewe ni 48. Injini ya watu wengi imekwisha kujikwaa mbele ya maelfu, ikasahihishwa. Injini ya mtu mmoja itajikwaa mara ya kwanza siku ile ile ya hukumu. Tena wako watu ambao huandika injini miaka mingi na mchezo hauzaliwi kamwe. Sababu yake si uvivu. Mchezo una mchezaji wa kuuhukumu, lakini injini isiyo na mchezo haina hakimu, na mahali pasipo hakimu ni rahisi mtu kujiona fundi.

Wanaomtetea nao hawakosi ushahidi. Tarehe 12 Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza kwamba tangu Januari 2024 ingetoza ada kila mara mchezo unapowekwa katika kompyuta au simu, kwa michezo iliyopita kiasi fulani cha mapato na cha usambazaji. Malalamiko yalikuwa makubwa. Masharti yakalegezwa mwezi ule ule, na Septemba 2024 ada hiyo ikafutwa. Walakini somo lilikuwa limekwisha kufundishwa. Watu waliokuwa katikati ya kazi za miaka walitambua kuwa msingi wa nyumba yao ulikuwa mali ya mwingine.

Tunduma yenyewe ina mfano wake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, hupita hapo ikielekea Kapiri Mposhi. Upana kati ya reli zake ni milimita 1,067, sawa na reli za Zambia. Upana wa Reli ya Kati, iliyo ya zamani zaidi, ni milimita 1,000. Behewa litokalo kusini hufika Dar es Salaam, lakini haliwezi kuendelea na safari juu ya reli hiyo ya zamani. Aliyechagua upana alichagua safari kabla ya behewa la kwanza kuondoka. Injini nayo ina upana wake. Iliyotungwa kwa michezo ya kukimbia na kuruka humpa mtungaji mvuto wa ardhi na mgongano wa miili. Lakini kijana akitaka kutunga bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ambamo kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 za kunamua, vipawa hivyo havimfai kitu. Kanuni za nyumba na za mtaji ataziandika mwenyewe kwa vyovyote. Kwa mchezo kama huo, injini ndogo ambayo mwenyewe anajua kila mstari wake yaweza kuwa chombo bora kuliko kubwa asiyoijua.

Hata hivyo, neno “yake mwenyewe” halina budi kupimwa. Injini ile imeandikwa kwa lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hufungua dirisha lake kwa msaada wa SDL, kazi iliyoanzishwa na Sam Lantinga mwaka 1998. Wahunzi wa Unyiha waliyeyusha chuma katika tanuri za udongo walizojenga kwa mikono yao, lakini maarifa ya tanuri waliyarithi. Hapana mtu aliyeanza na ardhi tupu. Basi kati ya cha kutengeneza na cha kuazima hapana ukuta, pana ngazi. Na mtu hawezi kusifiwa au kulaumiwa kwa sababu tu ya kipago alichosimama.

Lililo bora kuulizwa ni hili: chombo kikivunjika, nani atalipa? Kijana akiingia peke yake, alipaye ni yeye, na hasara ya siku mbili ni karo ndogo kwa maarifa makubwa. Lakini mashindano mengi huruhusu kundi. Iwapo ana mwenzi wa kuchora na mwenzi wa kutunga sauti, siku zao mbili ziko mkononi mwake. Akiwaficha kuwa injini haijajaribiwa, amewadhulumu. Na hata wakishinda, bahati haifuti dhuluma. Akiwaeleza hatari yote nao wakaridhika, mzigo umekuwa wa wote, na kushindwa kwao hakutakuwa na mdeni.

Kwa hiyo na aingie na injini yake, maadamu ameijaribu kwa mchezo mdogo kabla ya siku yenyewe, na wenzake wanajua. Ikifa katika saa ya 40, atoe kile kilichopo, hata kama ni bao la upande mmoja, na aseme kuwa injini yake imeshindwa. Asiseme kuwa muda ulikuwa mfupi. Muda ulikuwa sawa kwa wote.