Bezaleli Naye Aliitwa



Twasoma katika Kutoka 31 kwamba Mungu alimwita Bezaleli kwa jina, akamjaza Roho wake. Kwa kazi gani? Si kwa kuhubiri, bali kwa kufua dhahabu na shaba, kukata vito na kuchonga mbao.

Neno hili limenichoma. Mwaka jana kijana mmoja wa kanisa letu aliacha shule akiwa kidato cha pili. Alipoletwa kwangu nilimkemea, nikamwamuru arudi darasani. Hakurudi, na kanisani pia hakuonekana tena. Baadaye nikasikia kwamba redio zikiharibika mtaani kwao, yeye ndiye anayezitengeneza. Sikuwa nimemwuliza hata mara moja mikono yake yapenda nini.

Waliotutangulia waliuliza. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa juu ya vijana waliomaliza shule ya msingi wasione njia mbele yao. Hawakuishia kwenye maneno. Makanisa yalisaidia kuanzisha vyuo vya ufundi vya vijiji, vyenye majengo ya kawaida, vikifundisha useremala, uashi na ushonaji kadiri ya mahitaji ya mahali. Leo vyuo hivyo viko chini ya serikali za kaunti.

Hata hivyo, wazazi wengi waliviona kuwa mahali pa walioshindwa. Kosa halikuwa la randa wala la cherehani. Lilikuwa machoni petu.

Basi, Kamati ya Vijana inapopanga mafunzo katika ukumbi wetu, naomba mambo matatu. Kwanza, vijana wenyewe waulizwe kabla ratiba haijaandikwa. Pili, tuangalie ni kazi gani ina wateja hapa kwetu, tusije tukafundisha maseremala arobaini mahali panapohitaji kumi. Tatu, hesabu na kusoma vifundishwe ndani ya kazi: apimaye mbao hujifunza sehemu na desimali bila kuaibishwa.

Wakristo wenzangu, watu wa Nazareti walimdharau Bwana wetu kwa kuwa alikuwa seremala (Marko 6:3). Je, sisi tunamdharau nani nyumbani mwetu?

Jumamosi hii nitakwenda kumwomba radhi kijana yule. Niombeeni anipokee.

Bwana atufumbue macho tuwaone aliowaita kwa jina. Amina.

Kasisi wenu