Andy, Merit na bei ya utajiri

Vijana wenzangu, leo naomba tuongee kuhusu muvi. Tena muvi ya mzimu.

Mwaka 1992 huko Nigeria, mfanyabiashara wa kanda za video, Kenneth Nnebue, alitoa filamu ya Kiigbo iitwayo Living in Bondage. Haikwenda kwenye majumba ya sinema. Ilirekodiwa kwa video, bajeti ya kuungaunga, ikauzwa kwa kanda za VHS. Hiyo ndiyo inatajwa kuwa ilifungua njia ya Nollywood, zile muvi za Kinaijeria ambazo wengi tumekulia nazo, sebuleni kwa jirani mwenye deki.

Kisa chenyewe: Andy amechoka kuwa maskini. Rafiki yake Paulo, mwenye hela, anamwingiza kwenye kundi la siri. Anaambiwa amlete ampendaye kuliko wote, yaani Merit, mke wake. Kwanza anajaribu kuwapiga changa la macho: anampeleka Tina, dada anayejiuza. Tina akaliita jina la Yesu, mpango ukavurugika. (Hebu ona! Mume wa ndoa kanyamaza, na anayemkumbuka Bwana ni yule ambaye sisi tusingependa kukaa naye benchi moja kanisani.) Mwishowe Merit anatolewa kafara. Hela zinakuja kweli, ila mzimu wa Merit haumwachi Andy hadi anarukwa na akili.

Katekisimu, namba 2117, inakataa uchawi wa kila aina, na hapo hatubishani. Kwetu Tanzania watu wenye ualbino wameuawa kwa imani hiihii ya utajiri wa viungo vya watu. Lakini kuna jambo jingine linaloniuma. Tukishaangalia muvi hizi, jirani akinunua gari tu, tunanong'ona: "Huyo Frimasoni, kamtoa mama yake." Hata kwenye jumuiya! Ushahidi hatuna. Hiyo ni amri ya nane, ndugu zangu, na wangapi tunaipeleka kitubio?

Halafu kuna sehemu ya pili, ambayo wengi hawaisimulii. Andy kawa kichaa, anaishi chini ya daraja. Anayemwona, akamhurumia na kumpeleka kanisani, ni Tina yuleyule aliyetaka kumchinja.